Jirani kaniuliza "nyie Kwaresima mwafunga nini?" nikakosa jibu

#1 mtoto_wa_sabaki
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Kuna jambo lanisumbua, wanaojua wanisaidie.

Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu, siku tunayoanza Kwaresima, imeangukia tarehe 18 Februari na Ramadhani nayo ikaingia wiki hiyohiyo. Mie hapa Malindi nina kibanda cha kutengeneza simu, jirani yangu ni Mwislamu anauza vitambaa, mwaka wa sita huu tuko ukuta kwa ukuta hatujawahi kukosana. Sasa Ijumaa saa nne njaa imeniuma, nikatoka kwa mlango wa nyuma ninywe chai kwa kujificha, maana si heshima kunywa mbele ya mtu aliyefunga. Niko pale na kikombe mkono mmoja na sambusa ya nyama mkono wa pili, jirani akaja kutafuta chenji ya elfu. Akaniangalia akaniuliza kwa upole kabisa, wala hakuwa ananicheka, "Kwani si nyie pia mmeanza mfungo wenu? Mwafunga nini?" Wallahi nilikosa la kusema. Nikampa chenji nikarudi ndani na ile sambusa sikuimaliza.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza twaambiwa siku 40, lakini nikihesabu kutoka 18 Februari mpaka 4 Aprili mkesha wa Pasaka napata 46, hizo sita zatoka wapi? Pili, nionavyo mie wahubiri wetu wameacha kuhubiri kufunga kwa mwili. Kila mwaka twaambiwa "funga hasira, funga umbea, funga simu", sawa, lakini tumbo je? Kama nimekosea nisahihisheni.

#2 MamaKwaya
Sambusa ya NYAMA siku ya Ijumaa ya Kwaresima? Kaka hapo usitafute lawama kwa wahubiri, hilo ni lako mwenyewe 😂 Ijumaa hatuli nyama, hilo hata watoto wa komunyo ya kwanza wanalijua.

#3 hesabu_tu
Swali la kwanza ni rahisi. Jumapili hazihesabiwi kwa sababu kila Jumapili ni Pasaka ndogo, hakuna kufunga. Mwaka huu ni 22 Februari, halafu 1, 8, 15, 22 na 29 Machi. Hizo ni sita. 46 toa 6 unabaki na 40. Imeisha hiyo.

#4 katekista_magarini
Haijaisha ndugu hesabu_tu, samahani. Hiyo hesabu ni ya zamani na ni nzuri, lakini kwa kalenda ya liturujia ya Kanisa Katoliki ilivyo sasa, Kwaresima inakwisha Alhamisi Kuu kabla ya Misa ya Karamu ya Bwana jioni. Kuanzia hapo ni Siku Tatu Kuu, ni kipindi chake peke yake. Sasa ukihesabu kutoka Jumapili ya kwanza ya Kwaresima tarehe 22 Februari mpaka Alhamisi tarehe 2 Aprili, pamoja na Jumapili zake, unapata 40 kamili. Kwa hiyo kuna watu wawili wanasema 40 na kila mmoja ana zake.

Na kuna Wataliano hapa Malindi wanaotoka upande wa Milano, kwao hawana Jumatano ya Majivu kabisa, wanaanza hiyo Jumapili, ni liturujia yao ya tangu zamani ya Mtakatifu Ambrosi. Nilibishana na mmoja mwaka juzi nikidhani amelala nyumbani siku ya majivu, kumbe hakukosea.

Kuhusu sheria: siku za kufunga chakula ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, wanaofungwa nayo ni wa miaka 18 mpaka 59. Mlo mmoja kamili, na vingine viwili vidogo ambavyo ukivijumlisha havifiki mlo. Kuacha nyama Ijumaa ni kuanzia miaka 14. Basi.

#5 mtoto_wa_sabaki
Asante katekista. Lakini hebu angalia, siku mbili kati ya 40. Na hiyo siku yenyewe nakula mara tatu. Nitamwambia nini jirani?

#6 nahodha_ngomeni
Assalam aleykum ndugu zetu. Mie si wa kanisa lakini uzi umenivuta. Nauliza tu kwa nia njema, mwaacha nyama mwala samaki, si ndio? Sasa kwa mtu wa bara naelewa. Lakini sisi hapa pwani nguru wa kupaka na wali wa nazi, hiyo ni toba ama ni arusi? Ijumaa za mwezi huu wateja wangu wakubwa ni nyie, samaki changu hafiki saa tatu ameshakwisha 😄

#7 MamaKwaya
Nahodha umetushika pabaya 😂😂 Lakini ni kweli, mie hilo nililiona kitambo. Kwangu Ijumaa tunapika wari na mutsunga, yaani ugali na mboga za majani, bila nazi. Mutsunga ule wa uchungu wenyewe, nauchemsha mara moja tu nisimwage uchungu wote. Watoto wanakunja nyuso. Nikawaambia Waisraeli usiku wa kutoka Misri walikula mboga chungu, mdogo wangu wa mwisho akaniuliza "Kwani Misri kuna mutsunga?"

#8 Moto_wa_Upako
Bwana asifiwe. Mimi nitasema ukweli hata kama utauma. Kwaresima haiko kwenye Biblia, neno lenyewe halimo, tafuta Mwanzo mpaka Ufunuo. Yesu alifunga siku 40 kwa sababu aliongozwa na Roho, si kwa sababu kalenda imefika. Sisi kanisani kwetu Januari tulifunga 21 mchana kutwa mpaka saa kumi na mbili jioni na mikesha juu. Mambo ya rangi za nguo za padre na majivu ni desturi za watu.

#9 mzee_wa_parokia
Mwanangu Moto, neno "Utatu" nalo halimo lakini unaliamini. Na hizo 21 zenu za Januari ziko sura ya ngapi? Danieli aliomboleza wiki tatu nzima, sawa, mmechukua mfano wake mkaupangia mwezi. Na sisi tumechukua mfano wa Bwana jangwani, na Musa mlimani, na Eliya akienda Horebu, tukaupangia majuma. Hatuna ugomvi hapo.

Hii si desturi ya jana. Mtaguso wa Nikea, ule mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, tayari unataja "siku arobaini" kama kitu ambacho kila mtu anakijua. Lakini kabla ya hapo haikuwa hivyo kila mahali, Irenei askofu wa Lyon karne ya 2 aliandika kwamba wengine wanafunga siku moja, wengine mbili, wengine saa 40 mfululizo usiku na mchana. Na walikaa kwa amani na tofauti zao.

Swali la kijana ni zito na nitamjibu. Mimi nimezaliwa wakati wazee wetu walifunga siku zote za Kwaresima isipokuwa Jumapili. Baba yangu alikuwa anakula mara moja kwa siku. Halafu mwaka 1966 Papa Paulo wa Sita akabadilisha sheria, zikabaki zile siku mbili, na mengine yakaachwa kwa dhamiri ya kila mmoja: achague mwenyewe sala, sadaka au kujinyima. Nia ilikuwa njema, tufunge kwa moyo na si kwa kulazimishwa. Lakini mtu ukimwambia achague mwenyewe anachagua sukari. Hapo ndipo ilipopotelea, si kwa wahubiri wa leo.

#10 hesabu_tu
Mzee nakubali, na nawaongezea kitu. Ramadhani na Kwaresima kuanza kwa kukaribiana hivi si ajabu ila hakutokei kila siku. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka na inazunguka yote kwa miaka 32 au 33. Pasaka nayo inafuata mwezi: Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, kwa hiyo iko kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Mwaka jana zilianza kwa kukaribiana, mwaka huu, na mwakani pia, maana Majivu ya 2027 ni 10 Februari na Ramadhani inatarajiwa siku zizo hizo. Kabla ya hapo zilianza karibu hivi miaka ya 1992 mpaka 1994.

#11 mzee_wa_parokia
1993 naikumbuka. Joto la kaskazi lilikuwa kali, mtaa mzima mchana kimya.

#12 nahodha_ngomeni
Hiyo ya mwezi mpevu sisi baharini twaijua bila kalenda. Wiki yenu ile kuu kabla ya Pasaka haikosi bamvua. Maji yajaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko halafu yatoka mbali kabisa, watu wanatembea mwambani kuokota pweza. Babangu alikuwa akisema "Wakristo wakaribia sikukuu, nendeni mkakaze nanga". Ila sisi twatazama kwa macho, mwezi mwandamo usipoonekana twasubiri, nyie mwapiga hesabu miaka mia mbele.

#13 dada_wa_langobaya
Nimesoma yote nikanyamaza, sasa niseme.

Mwauliza kwa nini wahubiri wa Malindi hawahubiri kufunga. Mmesahau Shakahola? Aprili 2023 mie nilikuwa nauza maji kando ya barabara, magari ya polisi yakipita na yale yaliyobeba miili yakienda mochari Malindi. Siku za kwanza watoto walikuwa wanahesabu magari. Baadaye wakaacha. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa mle msituni, watu walioambiwa wafunge mpaka kufa wakutane na Yesu, na watoto wadogo ndani yao.

Kwaresima iliyofuata, 2024, padre alisimama kwenye mimbari akasema "ndugu zangu, tunaanza mfungo". Kanisa lilinyamaza namna ambayo sijawahi kuisikia. Mama mmoja aliyekuwa benchi la nyuma akamchukua mtoto wake akamfunga kwa leso mgongoni akatoka nje, hakurudi. Padre alimwona. Akafunga karatasi zake akazungumza kuhusu sala tu. Tangu hapo sijamsikia akilitamka hilo neno kwa sauti kubwa.

Kwa hiyo mtoto_wa_sabaki, usiseme wameacha. Wengine wanaogopa, na wana sababu.

#14 MamaKwaya
Pole sana dada. Kweli tupu.

#15 Moto_wa_Upako
Pole dada. Na niseme wazi, yale hayakuwa maombi. Kwetu mama mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa na mtoto hafungi, na pasta anatangaza hivyo kila mara kabla hatujaanza. Tulianza kutangaza baada ya hayo mambo, sitadanganya.

#16 katekista_magarini
Dada umesema nililokuwa nalizunguka. Mimi nahubiri vigangoni, yale makanisa madogo ya vijijini ambako padre anafika mara moja kwa mwezi, na mwaka ule sikujua nianzie wapi. Nikaenda kwa Isaya sura ya 58, pale watu wanamlalamikia Mungu "tumefunga mbona huoni?" na anawajibu kwamba mfungo anaoutaka ni kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula chako, na maskini asiye na kwao umlete nyumbani kwako. Sasa hivi nikihubiri kufunga naanza na chakula. Nauliza: ile sahani uliyoiacha leo iko wapi? Imeliwa na nani? Kama imebaki kwenye sufuria ukaila kesho, hujafunga, umechelewa kula tu.

Mfungo wa Shakahola haukumlisha mtu hata mmoja. Hicho ndicho kipimo ninachowapa watu wangu. Kule chakula kilikatazwa. Kwetu chakula kinahama mkono.

Lakini pia nitakubaliana na mtoto_wa_sabaki upande mmoja. Kwa hofu yetu tumewanyima waumini kitu chao. Mtu mzima mwenye afya aliyeamua kushinda mpaka jioni kwa sala, akanywa maji, akajua lini anaanza na lini anamaliza, huyo tunamwangalia kama mgonjwa siku hizi. Si sawa.

#17 fundi_kisumundogo
Nyie wote mwaongea kama watu wanaoamua kula au kutokula. Huku kwetu kuna nyumba zafunga mwaka mzima bila kupanga. Mvua zikikosa misimu mitatu kule Magarini na Ganze mtu ala mara moja kwa siku na wala si Kwaresima. Mhubiri mwenye akili akisimama mbele ya watu hao atawaambia wafunge nini tena? Mie naona hiyo ndiyo sababu kubwa, si 1966 wala Shakahola.

#18 mzee_wa_parokia
Fundi una hoja. Lakini baba yangu alikuwa maskini kuliko wewe na alifunga.

#19 fundi_kisumundogo
Sawa mzee, sibishani na marehemu 🙏

#20 mgema_kakoneni
Hamjambo. Mimi nina swali langu la kweli msinicheke. Mimi ni mgema, nina minazi kumi na miwili. Padre alisema Kwaresima tuache kunywa mnazi. Nimekubali, siku ya tano leo sijaonja. Lakini kugema si bomba la maji ufunge na ufungue. Lile karara, ua la mnazi linalotoa tembo, lazima nilikate kidogo asubuhi na jioni kwa kotama, kisu changu cha kugemea, nikiacha siku mbili tatu linajifunga linakauka, mpaka karara lingine litoke nianze upya. Siku 40 nitakuwa sina kazi na nina watoto watatu shule. Sasa nigeme nisinywe? Na nikiuza, je, si nimemwangusha mwenzangu aliyeahidi kuacha? Kila jioni nashuka na mnazi wangu nasimama chini ya mti najiuliza.

#21 Moto_wa_Upako
Ndugu acha kabisa, Mungu atafungua mlango mwingine. Nakuombea.

#22 mzee_wa_parokia
Usiache kazi. Aliyeahidi kutokunywa ni wewe, karara halikuahidi kitu. Gema, uza. Kama moyo unakuuma kwa ule wa kulewesha, weka siki, siki ya mnazi ina soko na haileweshi mtu.

#23 MamaKwaya
Au uza lile tembo tamu la asubuhi kabla halijachachuka, sisi wapika mkate wa kumimina twalitafuta kwa tochi, hamira ya dukani haifikii ladha yake. Ila sasa nimejikumbusha, Wayahudi Pasaka wanatoa chachu yote nyumbani, na mie hapa nakutafutia soko la chachu. Basi niambie bei hata hivyo.

#24 katekista_magarini
Mgema, mimi sikupi jibu la haraka kama hao wenzangu. Nenda kaongee na padre ana kwa ana, umweleze hilo la karara kama ulivyolieleza hapa, kwa sababu nadhani hajui. Wengi wa wanaotuhubiria hawajawahi kupanda mnazi. Lakini nikwambie kitu, hapo unaposimama chini ya mti jioni na mnazi umejaa mkononi hujaonja, hiyo dakika ndiyo Kwaresima yenyewe.

Na kwa vile tumefika kwenye miti, niseme la majivu. Vitabu vingi vya mahubiri tunavyosoma vinatoka Ulaya, na huko Kwaresima inaingia baridi ikiisha na miti inachipua, kwa hiyo wanahubiri maua. Mimi nilikuwa nasoma hayo maua kwenye kigango joto la Februari nchi imekauka mpaka imepasuka, watu wananiangalia tu. Mwaka mmoja nikaacha kitabu. Nikawauliza, wiki hii mnafanya nini shambani? Wakasema tumefyeka, tunachoma. Kwa nini mnachoma? Masika inakuja. Na majivu mnapeleka wapi? Mama mmoja akacheka akasema "twayaacha palepale, si ndiyo mbolea". Nikawaambia basi leo tunapakwa majivu, na Pasaka inakuja na masika. Sikuhitaji kuongeza. Yule mama alipokuja mbele kupakwa, vidole vyake vyenyewe vilikuwa vyeusi vya masizi ya shambani, nikampaka jivu la matawi ya mwaka jana juu ya jasho, likashika kama wino.

#25 dada_wa_langobaya
Hilo la masika sijawahi kulisikia kanisani. Asante katekista.

#26 mwanafunzi_historia
Naomba niwatoe kando kidogo. Neno "Kwaresima" lenyewe ni la Wareno, waliliacha hapa Malindi kama walivyoacha "meza" na "leso". Kwao ni Quaresma. Hata "gereza" latoka kwa igreja, maana yake kanisa! Na Pasaka ya kwanza pwani hii ilikuwa hapa hapa, Vasco da Gama alifika Malindi akajenga lile kanisa dogo la makuti karibu na bahari.

#27 mzee_wa_parokia
Nusu kweli nusu si kweli. Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Malindi jioni ya 14 Aprili 1498, mkesha wa Pasaka, na Pasaka ilikuwa kesho yake tarehe 15. Wiki moja kabla, mkesha wa Jumapili ya Matawi, alikuwa Mombasa na mambo yakaharibika. Hapo uko sawa. Lakini lile kanisa hakujenga yeye. Ile nguzo ndiyo yake, aliiacha aliporudi kutoka India Januari 1499. Kanisa linatajwa na watu kwa sababu ya Fransisko Ksaveri aliyepita hapa mwaka 1542 akienda India akamzika mtu mmoja waliyesafiri naye.

Na cha ajabu zaidi, siku zile Wareno waliwaona mabaharia wa Kihindi hapa bandarini wakawadhania ni Wakristo, wakawaonyesha picha ya Mama Maria wakainama. Wakafurahi kumbe walikuwa Wahindu.

#28 hesabu_tu
Na neno lenyewe sina hakika ni la Wareno. Kama waliondoka na Wakristo wa kienyeji hawakubaki, nani alilihifadhi hilo neno la mfungo miaka yote hiyo? Meza ni kitu cha nyumbani, kinabaki. Mie nadhani lilikuja na mapadre wa karne ya 19, wale waliofika Zanzibar 1863 na Bagamoyo 1868, kutoka kwa Kilatini cha kanisani.

#29 mwanafunzi_historia
Wale walikuwa Wafaransa, kwao ni carême, mbona hatusemi "Karemu"?

#30 hesabu_tu
Nimesema Kilatini, sikusema Kifaransa 😅

#31 nahodha_ngomeni
Na Wataliano wa Malindi wasema quaresima, wala haihitaji kubadilishwa. Nimewasikia kwa masikio yangu. Haya bishaneni.

#32 fundi_kisumundogo
Mkishamaliza mnieleze na "kigango". Katekista anasema "nahubiri vigangoni", babu yangu Mgiriama mara ya kwanza kusikia hivyo alidhani Wakatoliki wanasali kwenye vigango vyetu, zile nguzo za kuwakumbuka marehemu wazee wa chama cha Gohu. Alisema "hata wao wameelewa" 😂

#33 katekista_magarini
Hilo nimekutana nalo mara nyingi 😂 Mzee mmoja aliniuliza kama vigango vyetu navyo vinaibiwa vikauzwa Marekani.

#34 mwalimu_lamu
Nawasalimu kutoka kisiwani. Nimechelewa lakini nina mawili.

La kwanza, Kiswahili kina neema ambayo hatuihubiri. Chukua Injili ya mwanamke Msamaria, Jumapili ya tatu ya Kwaresima, Yohana 4, Yesu amechoka kakaa kisimani "yapata saa sita". Mswahili yeyote akisikia saa sita anajua ni mchana, jua la utosi, wakati ambao hakuna mwanamke mwenye akili anakwenda kuteka maji. Kwa hiyo unajiuliza mara moja, huyu mama anamkwepa nani? Wenzetu wanaosoma kwa lugha nyingine lazima waelezwe. Sisi saa zetu ni saa za Biblia. Giza Ijumaa Kuu ni saa sita mpaka saa tisa, na Pentekoste Petro anasema hawa hawajalewa, ni saa tatu tu.

La pili ni punda. Huku Lamu punda si wa kutafuta. Mwaka mmoja Jumapili ya Matawi ilifika tukahitaji punda, jirani Mwislamu akaleta wake amemwosha, amempaka hina kwenye kipaji, akakataa pesa. Katikati ya maandamano punda akaona njia ya kwao akageuka, kwaya nzima ikamfuata uchochoroni inaimba Hosana. Mwenye punda ndiye aliyeturudisha.

#35 Moto_wa_Upako
Hilo la saa sita limenigusa, nitalitumia. Ila mwalimu, Marko 15 inasema walimsulubisha saa tatu, na Yohana 19 inasema saa sita Pilato bado anamhukumu. Hapo saa zetu zasemaje?

#36 mwalimu_lamu
Wengine wanasema Yohana alihesabu saa kwa njia ya Warumi. Wengine wanasema alitaka ilingane na saa ya kuchinja kondoo hekaluni. Wengine wanasema watu wa zamani hawakuwa na saa ya mkononi, saa tatu ni asubuhi na saa sita ni karibu na mchana, basi. Mie nimewahi kufundisha yote matatu.

#37 mtoto_wa_sabaki
Nimerudi. Asanteni wote, dada wa Langobaya zaidi.

Jana nilimwendea jirani nikamwambia nimepata jibu la nusu. Nikamweleza la sahani inayohama mkono, nikamwambia Kwaresima hii chai ya saa nne sinywi, ile hela naiweka kwenye mkebe wa Kampeni ya Kwaresima. Akasema vizuri. Sasa jioni adhana imelia, mtoto wake kaniletea sahani ya futari: mbaazi, mahamri mawili, kaimati, na sambusa mbili za nyama. Na ilikuwa Ijumaa! Nifanyeje hapo?

#38 MamaKwaya
Sambusa hizo zakufuata wewe 😂😂 Kula. Sahani ya jirani haikataliwi.

#39 hesabu_tu
Wape watoto walio chini ya 14, sheria haiwagusi.

#40 mzee_wa_parokia
Angekula mbaazi na mahamri, sambusa akaweka za Jumamosi. Hakuna aliyeumia.

#41 nahodha_ngomeni
Ila sahani msirudishe tupu. Hiyo ndiyo sheria ya mtaa.

#42 mtoto_wa_sabaki
Nilikula mbaazi, sambusa nikampelekea mlinzi wa usiku, sahani nikairudisha na maembe.

#43 mgema_kakoneni
Nimeongea na padre jana. Kweli hakujua la karara, akaniomba nimpeleke aone. Alisimama chini nikapanda, akaniuliza maswali mengi. Akasema nigeme, nisinywe, na siku za Ijumaa niweke siki. Mama wa kwaya bei ya tembo tamu tutaongea.

Halafu Jumapili ya Matawi ni tarehe 29 Machi, najua kila mwaka mnahangaika mnakata makuti ya watu bila ruhusa. Mwaka huu nitawakatia mimi, makuti machanga, yale yanayosukika msalaba bila kukatika. Jumamosi tarehe 28 saa kumi jioni njooni na pikipiki mbili, na mtu mmoja wa kupokea chini.

#44 MamaKwaya
Mie naja na leso ya kufungia. Na mkisuka misalaba msiitupe baada ya sikukuu, katekista anaihitaji kuichoma mwakani apate majivu.